Goti Lililofichwa na Timu Nzima

Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka ya mwaka jana nilipoteza mguu wangu wa kushoto. Ulikatwa juu ya goti, asubuhi, katika hospitali ya rufaa huko Eldoret, mvua ikinyesha. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kabla ya hapo nilikuwa beki wa kati wa timu ya kandanda ya shule moja ya wasichana upande wetu wa Malava, na hadi leo mtu akiniuliza mimi ni nani, hilo ndilo jibu linalonijia mdomoni kabla sijakumbuka.

Sikufika mbali na masomo, niliishia kidato cha tatu. Ugonjwa wenyewe sitaueleza sana, kwa sababu hata wenye kuusomea waliponieleza sikushika mengi. Ni saratani ya mfupa. Inawapata zaidi vijana ambao bado wanakua, na inapenda goti. Naandika kwa ajili ya msichana anayecheza mpira ambaye sasa hivi ana goti linalouma na analipaka dawa akinyamaza. Naandika pia kwa ajili ya mama yake.

Timu yetu ilikuwa na desturi ambayo hakuna mwalimu aliyeijua. Tuliiita kufunika. Mwalimu Shikanda, mwalimu wetu wa michezo, alikuwa mtu mzuri, lakini ukiumia alikupumzisha, na ukishapumzishwa jezi yako inavaliwa na mwingine, na huyo mwingine hatoki. Wengi wetu tulikuwa na deni la karo, tukivumiliwa pale shuleni kwa sababu ya mpira tu. Kwa hivyo tulikubaliana kwamba kabla ya mashindano ya mkoa hakuna mtu anayeumia. Akiumia, jioni bwenini anasema, "Nifunikeni," na tangu hapo yeye ni wa timu nzima. Ndoo yake inabebwa. Tukikimbia kuzunguka uwanja anawekwa katikati ya mstari ili kuchechemea kwake kusionekane. Mwalimu akigeuka kumtazama, kuna mtu atakayemwuliza swali la kipuuzi au kufunga kamba za kiatu mbele yake. Nilikuwa nimewafunika wengi, vifundo vya miguu, vidole, bega la msichana mmoja wa Lugari. Wote walipona. Hiyo ndiyo sababu tuliamini.

Mimi waliniita Geti. Nikimnyang'anya mshambuliaji mpira, wasichana waliokuwa kando ya uwanja walipiga kelele, "Geti imefungwa." Nyuma yangu alisimama Nekesa, kipa, aliyekuwa darasa moja chini yangu. Kipa anaona mgongo wa beki kuliko mtu yeyote, na yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Geti, mbona unageukia mguu mmoja tu?"

Nikamwambia goti linauma kidogo. Akaniuliza kama niligongwa. Nilifikiria sana siku ya kugongwa nikaikosa. Tukatafuta moja tukaipata, kwa sababu mchezaji hakosi siku ya kugongwa. Hapo ndipo nilipoomba wanifunike.

Kuna jambo ambalo natamani mtu angeniambia wakati ule. Jeraha la mpira linauma ukicheza, halafu linapoa ukilala. Langu lilikuwa kinyume. Uwanjani nilisahau, kitandani ndipo nililishika kwa mikono miwili. Wenzangu walijua kwa sababu vitanda vyetu vilikuwa karibu. Waliniletea maji ya moto, wakanipa bandeji zao, mmoja alinipa mto wake niinulie mguu. Hakuna mtu aliyenipenda maishani kama wasichana wale muhula ule. Walinipenda na kitu kile kikaendelea kukua.

Mkoa tulishinda kwa penalti, Nekesa akidaka mbili. Picha ya siku hiyo iko ukutani katika ofisi ya michezo. Nimesimama mwisho wa safu ya nyuma, nacheka, mguu wa kushoto umegusa chini kwa vidole tu. Ukiangalia sasa unaona wazi. Wakati ule hakuna aliyeona.

Likizo ya Agosti nilimwonyesha Kukhu, mama yake baba. Kukhu amekanda magoti ya watoto wengi katika kijiji chetu na alianza kwa furaha, na maji ya moto, chumvi na majani. Nilikuwa nang'ata leso. Goti liling'aa kama kitu kilichopakwa mafuta, na mishipa ikajitokeza juu yake, ya kijani. Siku moja Kukhu aliacha mikono yake hapo bila kukanda. Kisha akamwita mama.

"Hii sitaigusa tena," akasema. "Hii si ya kugongwa. Hii iko na mizizi."

Hata hivyo nilirudi shuleni. Muhula wa tatu hauna kandanda, kwa hivyo nilijidanganya kwamba napumzika. Ilikuwa siku ya kawaida tu, tukipanga foleni ya chakula, muuguzi wa shule akanitazama nyuma ya goti na kuniuliza ni nani mwingine anajua. Nilivuta sketi chini. Aliwatazama wasichana waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, na wote wakatazama sahani zao.

Baada ya hapo ni mabenchi. Nikikumbuka miezi ile sikumbuki madaktari, nakumbuka mabenchi. La hospitali ya misheni lilikuwa la mbao, na mtu aliyenipiga picha ya goti alitoka nayo akaenda kumwita mwenzake, wakaisimamia dirishani wakiongea polepole. Mama aliniambia, "Wakiita wawili ni vizuri, wanahakikisha." La Kakamega mjini lilikuwa refu, unasogea kidogo kidogo mpaka ufike mlangoni, na ukienda chooni unaacha leso yako ikushikie nafasi. La Eldoret lilikuwa la chuma na lilikuwa baridi. Mama alibeba uji kwenye thamosi na alikuwa akiwagawia watu asiowajua. Nilimkasirikia kwa hilo. Nilitaka tuonekane kama watu waliopita tu.

Daktari wa Eldoret alikuwa mwanamke kijana. Alisema dawa kwanza, halafu mguu, halafu dawa tena. Alisema neno mguu kama anavyosema mtu kitu ambacho lazima akiseme haraka. Mama alimwuliza kama nitaweza kucheza. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshaelewa kwa jinsi alivyovuta kiti karibu.

Dawa zilinifanya mtu mwingine. Nywele zilibaki kwenye mto, halafu nyusi, halafu hata vinyweleo vya mikono, nikawa laini kama mtoto mchanga. Mdomo ulijaa vidonda, maji yakawa na ladha ya sarafu. Kucha ziligeuka rangi. Nilikuwa na mapaja ambayo wasichana walinionea wivu, na yakaisha mpaka sketi ikawa inazunguka yenyewe kiunoni. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja anayelima mahindi Lugari. Alinipa nusu ndimu akaniambia ninuse dripu ikianza. Inasaidia. Nakuambia wewe unayesoma, beba ndimu. Mara iliyofuata niliporudi kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine na sikuuliza, kwa sababu pale watu hawaulizi.

Mwezi wa pili tulipewa tarehe ya kukatwa, na hapo ndipo nyumba yetu ilipovunjika.

Hawakukataa nikatwe. Watu wa mjini wakisikia hadithi hii wanafikiri hivyo. Walichogombania ni mguu utakwenda wapi. Kukhu alisema hauwezi kuachwa hospitalini uchomwe pamoja na takataka, kwetu kitu cha mwili kinarudi kwenye udongo wa nyumbani. Baba alikubaliana naye. Lakini kaka yake baba, Baba Mkubwa, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika boma letu, alikuja akaketi sebuleni na nikamsikia nikiwa nimelala nyuma ya pazia.

"Msichana ambaye hajaolewa tunamzikanga kando, kwa ua," alisema. "Ukiweka mguu hapo, umemchagulia mahali, atafuata. Ukiweka ndani karibu na wazee, watu watauliza ni nani amezikwa na hatuna jibu. Mniambie nyinyi, uende wapi?"

Hakuna aliyejua uende wapi. Baba aliogopa kutia sahihi kabla ya kujua. Tarehe ikapita. Tulipewa nyingine, wakakutana tena, na ile nayo ikapita. Watu walikuwa wanapanda mahindi na mimi nilikuwa nimelala nikisikiliza wazee wakitafutia mguu wangu mahali, nao bado uko juu ya godoro pamoja nami, unauma. Daktari alimpigia mama simu. Alisema kile kitu kilikuwa kimesinyaa kwa dawa na sasa kimeanza kukua tena.

Mama si mtu wa kusema mbele ya wanaume. Mkutano wa tatu aliingia na chai, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Mkiendelea kutafuta mahali pa mguu," alisema, "mtakuja kutafuta mahali pa mtu mzima. Mimi naenda Eldoret kesho. Anayetaka kunifuata anifuate."

Alitia sahihi yeye. Baba Mkubwa hakuongea naye kwa muda mrefu, na hata leo anamsalimu kama anayesalimu mtu wa pembeni. Mama amelipa hilo kwa ajili yangu na hajawahi kunitajia.

Nilipoamka nilihisi vidole vyangu vya mguu vinawasha. Nikafurahi, nikadhani wameshindwa kukata. Niliinama kukuna. Hapo ndipo nilipojua.

Baba alikuja kuuchukua mguu. Waliufunga wakampa na karatasi, akasafiri nao peke yake hadi nyumbani. Hakumwambia Kukhu wala Baba Mkubwa amefika. Alichukua jembe akaingia kwenye shamba la miwa, na alipotoka hakusema ameuweka wapi. Mpaka leo hajasema. Hapo si kwa ua na si karibu na wazee, kwa hivyo hakuna aliyeweza kumlaumu. Wakataji walipokuja kukata miwa mwaka huu, nilikaa nje kwenye kiti tangu asubuhi nikiangalia mapanga yao yakishuka mstari kwa mstari. Mmoja aliniita kwa mzaha, "Dada, unatuhesabia?" Nilimpungia mkono, nikaendelea kuangalia.

Timu ilikuja kuniona mwezi wa sita, nikiwa nimepewa ruhusa ya kupumzika kabla ya dripu nyingine. Walitoka kwenye mechi moja kwa moja, matope bado magotini. Sebule yetu haikuwatosha, wengine walisimama dirishani. Mama aliwachemshia viazi vitamu. Waliongea juu ya refa, juu ya basi la shule lililokwama, juu ya mwalimu mpya wa kemia, na wote waliangalia ukuta juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimejifunika leso kuanzia kiunoni.

Nekesa aliweka kiazi chini. "Toa hiyo leso tuone," akasema.

Mama alianza kumkataza. Mimi nikaitoa. Walitazama. Nekesa alichutama, akatazama kama anavyotazama nyavu kabla ya mechi, pembe zote.

"Basi," akasema, "Geti imebaki na bawaba moja."

Mama aliweka sinia chini kwa nguvu akatoka. Lakini mimi nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Pasaka, na kicheko kiliuma kwenye vidonda vya mdomo. Halafu wote wakacheka na wengine wakalia wakati huohuo. Aliyekuwa kapteni mwaka ule wa kunifunika, ambaye alishamaliza shule na alikuja na nguo za nyumbani, alinisogelea walipokuwa wanatoka. Alisema, "Ni sisi tulikufunika." Nilimwambia niliomba. Alisema tena maneno yaleyale kama hakunisikia.

Dawa ziliisha mwezi wa kumi na moja. Kwenye picha ya kifua walikuwa wameona vidoa kwenye pafu, vidogo, na sasa wanavitazama tu. Vilikuwa vimetulia mara ya mwisho. Nilimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya ile miezi ya kungoja, au ya mwaka ule wa kufunikwa. Alisema hakuna mtu anayeweza kujua. Naamini alisema kweli, ila ningependelea anidanganye upande mmoja au mwingine. Mwezi wa tisa nitarudi tena kupigwa picha. Siwezi kukuandikia kwamba nimepona.

Januari mwaka huu Mwalimu Shikanda alituma mtu aniite. Alisema mabeki wake wapya hawasikii, na labda watanisikia mimi. Basi kila Jumamosi nilipelekwa na pikipiki mpaka getini mwa shule, nikaenda kwa magongo hadi kwenye benchi kando ya uwanja, nikawapigia kelele. Toka. Panda. Usimwache nyuma yako. Sauti yangu ilirudi kabla ya nywele. Nilishika maji yao, nilishika hereni zao na pete zao wakati wa mechi, na walipopumzika walinilalia begani na jasho lao. Nekesa ndiye kapteni sasa, yuko kidato cha nne. Nyumbani nilikuwa mtoto aliyezikwa nusu, kanisani nilikuwa ombi. Jumamosi pale benchini nilikuwa Geti. Sikuwa na kitu kingine, na nilijua hivyo.

Wiki moja kabla ya mashindano ya mkoa ya mwaka huu, mazoezi yalipokwisha, Nekesa alinijia nyuma ya stoo ya mipira akiwa na Muhonja. Muhonja ni wa kidato cha pili, anacheza winga wa kulia, na kwa mbio hakuna anayemkaribia. Alikuwa amevaa soksi ndefu, nami nikajua kabla hajaishusha.

"Mguse hapa," Nekesa akasema. "Wewe unaijua. Tuambie tu si ile."

Nilishika. Goti lilikuwa limevimba upande wa ndani na lilikuwa na joto. Nilimwuliza kama aligongwa. Akasema labda, katika mechi na wale wa Lurambi. Nilimwuliza kama linauma akilala. Alimtazama Nekesa kwanza.

"Kidogo," akasema.

"Aende hospitali leo."

"Ataenda," Nekesa akasema. "Tumalize Mkoa kwanza. Ni wiki moja, Geti. Tumeshaanza kumfunika, Mwalimu hajui. Tulitaka tu wewe ushike."

Muhonja alikuwa tayari anapandisha soksi yake. Alinitabasamia. "Mimi najua si kitu," akasema. "Baada ya Mkoa, naapa."

Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasema mwenyewe, pengine hata mahali palepale. Niliwaambia sawa ili waondoke. Niliketi juu ya mfuko wa mipira. Nilijua mguu wake hauwezi kushikwa na mimi ukajulikana, mikono yangu haijui chochote isipokuwa hofu. Nilijua pia nitakachopoteza. Kisha nilisimama nikaenda ofisini kwa Mwalimu Shikanda nikamwambia kila kitu, hata lile neno kufunika, ambalo alikuwa hajawahi kulisikia. Alivua miwani akaiweka mezani. Aliniuliza ni tangu lini. Nikamwambia tangu kabla yangu.

Muhonja alipelekwa hospitali Jumatatu. Walimpiga picha. Mfupa ulikuwa mzima. Yalikuwa maji tu, ya kugongwa, apumzike wiki mbili.

Namshukuru Mungu kwa hilo, na nilimshukuru siku hiyohiyo nikipiga goti langu moja. Lakini nilisema nitaandika kweli, na kweli ni kwamba kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyosikia habari hizo ikanyamaza.

Bila Muhonja walifungwa nusu fainali. Sikusafiri nao. Nilisikia kwa simu ya Mwalimu, na Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani kama kawaida yangu kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Walinisalimu vizuri sana. Walisema, "Habari yako, dada Nanjala," jina langu la kwenye rejista. Hakuna aliyenipa hereni zake nishike. Muhonja alipita na chupa ya maji mkononi na akasimama.

"Ulikuwa unataka iwe ile," akasema. "Ndiyo tukuwe wawili."

Nekesa alimwita aende zake. Alibaki yeye, akifunga glavu zake, ingawa mazoezi yalikuwa hayajaanza.

"Si hivyo, najua," akasema. "Lakini huyo mtoto hatarudi mwaka ujao. Baba yake alikuwa anangoja tu sababu amtoe shule. Ameshasema." Alivuta kamba ya glavu kwa meno. "Wewe ulituomba tukufunike, tukakufunika. Sisi hatukukuuza."

Nilikuwa na la kumjibu. Lilikuwa chini ya benchi, mahali pa mguu wangu, na alikuwa akilitazama aliposema. Sikulisema. Kama ningelisema angelibeba mpaka anazeeka, na tayari kuna mmoja analibeba, yule kapteni wa mwaka ule.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Kama unasoma haya na una goti, au mwenzako ana goti, sikwambii kwamba ukisema watakushukuru. Huenda ikawa maji tu, na ukapoteza mechi, na ukapoteza watu. Sema hivyohivyo. Linalouma ukilala, sema. Lenye uvimbe usio na siku yake, sema. Uende mwenyewe kama hakuna wa kukupeleka. Sina namna ya kulifanya hili liwe tamu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena. Msimu umekwisha, lakini Mwalimu anawaandalia mechi za kirafiki. Kulikuwa na manyunyu. Walianza kuzunguka uwanja kwa mbio za polepole, mstari wa wawili wawili, Nekesa nyuma. Walipopita mbele yangu mara ya kwanza waliimba kama wanavyoimbaga. Mara ya pili niliona mstari umebadilika. Msichana mmoja, beki wa kushoto, namba tatu, alikuwa amesogezwa katikati, na walipokaribia benchi wale waliokuwa upande wake wa nje wakasogea wakambana, mabega yakagusana, akawa upande wa mbali nami. Ofisi ya Mwalimu iko upande ule mwingine. Upande huu nilikuwa mimi tu.

Waliacha kuimba walipokuwa wananipita. Nilisikia viatu kwenye matope, na kati ya viatu vyote nilisikia kimoja kinachokanyaga chepesi; walipokwisha kupita nikaona kwa nyuma soksi yake ya kulia imetuna kifundoni.

Niliokota magongo yangu. Nyasi zilikuwa zinateleza na nilizunguka kwa nje, karibu na ukuta wa jikoni, nikachukua muda mrefu. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyeniita. Mwalimu Shikanda alikuwa anasahihisha vitabu, akainua kichwa aliposikia magongo kwenye sakafu.

Nikamwambia ni namba tatu, kifundo cha mguu wa kulia.